Isizidi, Isipungue: Hesabu ya Matumizi ya Nyumbani



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wanafunzi, leo naomba niandike juu ya hesabu. Najua wengi mmezoea kutoka kwangu masomo ya tohara, swala na mirathi, na huenda mtu akajiuliza ustadh wa madrasa ana nini na alama za < na >. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa na watu wanaokuja kulalamikiana kwa sababu ya pesa ya chakula, na nimeona kwamba ugomvi mwingi unaoitwa wa tabia ni ugomvi wa hesabu ambayo hakuna aliyekaa akaiandika.

Shuleni kwetu Burundi watoto hulisoma somo hili kwa Kifaransa na huliita inéquation. Wanalijua, wanafanya mtihani, wanapata alama, kisha linabaki huko huko darasani. Kwa Kiswahili wengine husema hesabu za kutolingana. Mimi napenda kuziita hesabu za "isizidi" na "isipungue", kwa sababu ndivyo tunavyosema nyumbani. Mlinganyo unasema kitu hiki ni sawa sawa na kile. Lakini ni nani kati yetu anaishi kwa sawa sawa? Baba hasemi "mtumie faranga 120,000 kamili, hata moja isibaki". Anasema zisizidi. Mama hasemi "tupike kilo 24 kamili". Anasema zisipungue, ama sivyo wiki ya mwisho tutalala na chai.

Na mwanafunzi wa madrasa asione jambo hili ni geni, kwani fiqhi yetu imejaa hesabu hizi. Zaka ya mali haiwi wajibu mpaka mali ifike nisabu na mwaka upite, na nisabu ya dhahabu ni kama gramu 85. Hiyo ni "isipungue". Mbuzi 39 hawana zaka, wa 40 akiingia hesabu imebadilika. Wasia kwa asiyekuwa mrithi usizidi theluthi. Zakatul fitri isipungue pishi moja kwa kila kichwa. Na katika sura ya Al-Furqan, aya ya 67, wanasifiwa wale ambao wakitoa matumizi hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali wanakuwa katikati. Ukiitazama kwa jicho la mwalimu wa hesabu, hapo kuna mipaka miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na matumizi mema yamewekwa baina yake. Hakuna nukta moja iliyotajwa. Kuna nafasi, na kila nyumba inatafuta mahali pake ndani ya nafasi hiyo.

Nianze na mfano mwepesi, wa wanafunzi.

Siku za Jumamosi mimi hupanda Kiriri kukaa na vijana wa Kiislamu wanaosoma kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kiriri iko mlimani, juu ya mji wa Bujumbura, na jioni ukisimama huko unaliona ziwa Tanganyika na milima ya Congo ng'ambo. Ni mahali pazuri, lakini kwa kijana anayetoka Buyenzi kila siku ni mbali, na katika miaka hii ya uhaba wa mafuta kulipata basi ni mtihani kabla ya mtihani. Kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, nipange chumba huku juu, ama niendelee na nauli?" Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni faranga 2,000 na chumba ni 60,000 kwa mwezi. Siku za masomo tuziite s. Chumba kinakuwa na faida ya pesa pale tu ambapo 2,000s inazidi 60,000, yaani s inazidi 30. Hakuna mwezi wenye siku za masomo zaidi ya 30. Basi kwa pesa peke yake, abaki kwao. Nauli ikipanda ikawa 2,500, mpaka unashuka kuwa siku 24, na anayesoma hadi Jumamosi anaanza kuwa na hoja. Kuhusu saa anazopoteza kwenye foleni, hizo hesabu hii haikuziona, na nilimwambia hivyo. Aziweke mwenyewe kwenye mizani.

Hapo kijana mwingine akauliza swali zuri: kwa nini mwalimu wao alisema ukizidisha pande mbili kwa namba hasi, alama inageuka? Nilimjibu kwa deni. Mwenye faranga 5 ni tajiri kuliko mwenye faranga 3. Sasa geuza zote ziwe madeni. Mwenye deni la 5 amekuwa chini ya mwenye deni la 3. Hakuna uchawi, alama imegeuka kwa sababu hali imegeuka.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Wenyewe wameniruhusu kulisimulia bila majina, na bei nimezizungusha kidogo ili hesabu isiwe na vipande vingi.

Bwana mmoja ni zamu katika nyumba moja kubwa huko huko Kiriri. Analinda usiku, asubuhi anateremka kwake Buyenzi. Ana mke na watoto wawili wadogo. Baada ya kulipa nyumba, makaa, mafuta ya kupikia na sabuni, kila mwezi anamkabidhi mkewe faranga 120,000 za mchele na maharage. Unga wa muhogo wanaletewa na wazee kutoka shamba, huo hauko katika hesabu. Kwa muda mrefu pesa hii ilitosha. Kisha ikaanza kutotosha. Mke akawa anachukua kwa deni kwenye butiki ya mtaani, na siku bwana aliposikia kuna deni la 32,000 alilolifichwa, alikuja kwangu amekasirika. "Mwalimu, huyu mwanamke hana mkono wa nyumba. Pesa ni ile ile, sisi ni wale wale, watoto ni wale wale. Zinakwenda wapi?"

Mke alikuja siku ya pili pamoja na shemeji yake. Hakusema mengi. Alisema tu: "Mwalimu, mimi sijala hata moja."

Ningeweza kuwasomea mawaidha ya subira na kuaminiana, na wangenisikiliza kwa adabu, kisha wangerudi nyumbani na deni lile lile. Nikaona bora niombe karatasi ya miraba. Alikuwepo kijana wa kampasi anayependa hesabu, akakaa upande wa kuchora.

Kwanza nikamuuliza mama masharti yake, moja moja, na nikamwomba bwana asikatize. Mchele tukauita m, maharage tukayaita h kwa kuwa m imeshachukuliwa. Sharti la kwanza, vyote viwili kwa pamoja visipungue kilo 24 kwa mwezi, chini ya hapo chakula kinaisha kabla ya mshahara. Sharti la pili, mchele usizidi mara mbili ya maharage, kwa sababu nyama hawaipati na bwana anakesha usiku kucha, hawezi kukesha kwa wali mtupu. Sharti la tatu, mchele usipungue kilo 10, kwa kuwa mtoto mdogo bado maharage yanamsumbua tumbo. Bwana alikubali yote matatu. Hata alishangaa kidogo kwamba mkewe ana masharti, alidhani anakwenda sokoni na kununua tu. Sharti la nne lilikuwa lake yeye: pesa isizidi 120,000.

Tukaanza na bei za zamani, wakati mchele ulikuwa 5,000 kwa kilo na maharage 4,000. Tukaandika:

m + h ≥ 24
m ≤ 2h
m ≥ 10
5,000m + 4,000h ≤ 120,000

Kwenye karatasi, mchele ulilala chini na maharage yakasimama kando. Kila sharti likawa mstari mmoja, na kila mstari unagawa karatasi upande unaokubalika na upande usiokubalika. Mstari wa pesa ulitoka kwenye mchele 24 ukapanda hadi maharage 30. Mstari wa chakula ulitoka mchele 24 hadi maharage 24. Ukipaka rangi mahali ambapo masharti yote manne yanakubali, unapata eneo kama uwanja mdogo wenye kona nne. Nukta yoyote ndani ya uwanja huo ni mwezi mzuri. Mchele 16 na maharage 8 ni faranga 112,000. Mchele 10 na maharage 14 ni 106,000, na hiyo ndiyo kona ya bei ndogo kuliko zote. Hili ni jambo la kukumbuka kwa wanafunzi: katika hesabu za aina hii, unapotafuta kiasi kidogo au kikubwa kabisa, jibu utalikuta kwenye kona. Kuna kona chache tu, zipime zote, umemaliza.

Bwana akasema: "Unaona? Zilikuwa zinabaki hata 14,000." Ni kweli, zilikuwa zinabaki.

Tukapandisha mchele ukawa 6,000. Mstari wa pesa ukainama ndani, sasa unaanzia mchele 20. Ile mchele 16 na maharage 8 imekuwa 128,000, imetoka nje ya uwanja. Uwanja ukawa pembetatu ndogo yenye kona tatu: mchele 10 na maharage 14, mchele 10 na maharage 15, mchele 12 na maharage 12. Ile kona ya bei ndogo sasa ni 116,000. Bado inawezekana, lakini mama hana tena nafasi ya kukosea. Akinunua kilo 13 za mchele mwezi huo, tayari amevunja sharti moja. Tazameni, ndugu zangu: mume anaona bei moja imepanda kidogo, mke nafasi yake ya kugeuka imekuwa nyembamba kama uzi.

Kisha mchele ukawa 7,000, na hii ndiyo bei waliyokuwa nayo kwa miezi mitano. Kijana akachora mstari, akasimama. Akachora tena. Hapakuwa na uwanja. Kona ya bei ndogo, mchele 10 na maharage 14, ni 70,000 na 56,000, jumla 126,000. Masharti manne hayakutani mahali popote kwenye karatasi. Tulihesabu uwanja ulipotea wapi: pale mchele ulipovuka 6,400. Kuanzia hapo, hata umlete mke wa namna gani duniani, hodari wa sokoni na mwenye kuhesabu punje, masharti yale hayatimizi kwa faranga 120,000.

Nikamwambia bwana: upungufu ni 6,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni ngapi? Akasema 30,000. Na deni la butiki ni ngapi? Akanyamaza. Mama akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba zile 2,000 zilizozidi ni dawa ya minyoo ya mtoto.

Basi deni ambalo bwana alilileta kwangu kama ushahidi wa uharibifu lilikuwa ushahidi wa kinyume chake. Mtu mwenye kuharibu hakopi faranga 6,000 kila mwezi kwa miezi mitano. Anayekopa hivyo anashikilia mpaka wa chini kwa nguvu zake zote. Kuficha deni lile ni jambo jingine, na nilizungumza nao faragha, si la kuandikwa hapa.

Niwape wanafunzi habari kidogo ya elimu hii, kwani ina historia ya kupendeza. Sote tunajivunia Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala cha karne ya 9 ndicho kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mirathi na wasia, mambo ya nyumbani kabisa. Lakini yeye alishughulika na milinganyo. Alama za < na > zilionekana katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kufa kwake. Na swali la zamu wetu, yaani chakula cha kutosha kwa pesa ndogo kabisa, liliandikwa na mchumi wa Marekani George Stigler mwaka 1945. Alichukua vyakula 77 na mahitaji 9 ya mwili, akapata kwamba mtu mzima angeweza kuishi kwa dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939, akila zaidi unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Alikisia kwa ustadi tu, njia kamili haikuwepo. Mwaka 1947 George Dantzig alitoa njia ya kutembea kutoka kona hadi kona, na makarani 9 waliifanyia kazi hesabu ya Stigler kwa mashine za mkono, jumla ya siku 120 za kazi ya mtu mmoja. Wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea senti 24 tu!

Dantzig mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipotaka kupunguza uzito, aliiambia kompyuta impangie chakula, ikamwambia anywe galoni 500 za siki kwa siku. Siki ni kitoweo kilichosifiwa, lakini si kwa galoni 500. Kompyuta haikuwa na kosa, hakuna aliyeipa sharti la "siki isizidi". Nalisema hili kwa sababu bwana wetu naye alitoa wazo la namna hiyo. Alipoona mchele ndio ghali, akasema: "Basi wanunue maharage tu, kilo 24 ni faranga 96,000, na pesa inabaki." Kwa hesabu isiyo na sharti la mtoto, yuko sahihi kabisa. Ndiyo maana masharti lazima yasemwe na yule anayepika. Anayehesabu bila kumuuliza atapata jibu zuri la nyumba isiyokuwa yake.

Uwanja unapopotea, hesabu haikuachi hivi hivi. Inakuonyesha ni ukuta gani ukisogezwa mlango utafunguka, na kwa kiasi gani. Kwao ilikuwa mitatu. Ama pesa ipande kutoka 120,000 hadi 126,000. Ama mchele ushuke kutoka kilo 10 hadi 8, na maharage yawe 16. Ama mchele ubaki 10 na chakula chote kipungue kutoka kilo 24 hadi 22 na nusu, maana yake kama siku mbili za mwezi bila sufuria hiyo. Huu wa mwisho mama aliukataa kabla sijamaliza kuusema, na mimi sikumlaumu.

Walikaa pembeni wakazungumza wenyewe. Waliporudi, bwana alikuwa tayari kuongeza 3,000, na mama akasema mtoto ataweza kwa mchele kilo 9 akimchanganyia uji wa muhogo. Kijana akapima: kilo 9 kwa 7,000 ni 63,000, kilo 15 za maharage kwa 4,000 ni 60,000. Jumla 123,000. Nukta moja tu kwenye karatasi nzima, lakini ipo.

Likabaki deni. Walisema wanaweza kutenga 4,000 kwa mwezi kutoka kwenye pesa za simu za bwana na sigara zake, ambazo nilikuwa sijazitaja na sikuzitaja. Miezi isipungue 8. Mwenye butiki, Allah amlipe kheri, alikubali bila kuongeza kitu.

Kwa vijana watakaopenda kujaribu nyumbani, hili hapa zoezi. Mchele umebaki 7,000, maharage yamepanda kutoka 4,000 hadi 4,500, pesa ni 123,000, vyote pamoja visipungue kilo 24 na mchele usipungue 9. Chora, uone kama uwanja upo. Kama haupo, tafuta mchele utabidi ushuke hadi kilo ngapi, pesa ikibaki ile ile. Kisha kabla ya kuleta jibu kwangu, mpelekee mama yako akuambie kama linapikika.